Raj wangu yumo kwenye kamati ya harusi yangu na mtu mwingine, nivumilie kama Simran?

Anti shikamoo, pole na kazi. Naomba unifichie jina, niite tu Simran wa Keko, ukisoma mpaka chini utaelewa kwanini.

Mi nina miaka 28, nashika mahesabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi, bado nakaa nyumbani na wazazi na wadogo zangu wawili. Baba ni seremala, karakana yake iko hapahapa Keko, anatengeneza vitanda, makabati, makochi, na ana jina lake, mtu akitaka kitanda cha mninga kisicholialia anaelekezwa kwa mzee. Ni mtu wa swala tano, mkali ila si mkorofi, tatizo lake moja tu, akishatoa neno kalitoa.

Sasa baba ana rafiki yake yuko Tanga, walijifunza ufundi pamoja ujanani, ni zaidi ya ndugu, na toka niko mdogo walikuwa wanataniana kwamba watoto wetu wataoana hawa. Mi nikajua utani wa wazee. Mwaka jana barua ya posa ikaja kweli, baba akaijibu, kishika uchumba kikapokelewa, na mi nakuja kuambiwa jioni nimetoka kazini nimechoka, mama ananambia hongera mwanangu nabaki namwangalia. Sikusema kitu Anti, nilienda kuoga. Huyo kijana yuko bandarini Tanga, nimewahi kumuona mara moja tu msibani, siku hizi ananitumia meseji umeamkaje, umekula, Mungu akulinde, basi, hana neno baya hata moja. Ila simpendi, na wakati posa inakuja mi nilikuwa nshakuwa na mtu wangu.

Mtu wangu ana duka la spea Gerezani. Nilivyomwambia habari ya posa nilidhani atakasirika ama ataingia mitini, kumbe akacheka, akasema tulia, mi nitafanya kama Raj.

Hapo inabidi nieleze. Nyumbani kwetu ile muvi ya Dilwale Dulhania Le Jayenge tumekua nayo, mama alikuwa nayo toka enzi za kanda za video, deki ikafa akanunua sidii, sidii ikakwaruzika, sa hivi anaangalia kwenye simu. Kwa asiyeijua (yupo kweli?), Simran ni binti wa Kihindi anakaa London na wazazi wake, baba yake kashamuahidi kwa mtoto wa rafiki yake huko Punjab toka utotoni, binti anaenda kutembea Ulaya na mashoga zake mwezi mmoja anakutana na Raj, wanapendana, baba akija kujua anahamisha nyumba nzima kurudi India ili amuozeshe harakaharaka. Raj anawafuata hukohuko, lakini hamtoroshi, anajifanya mgeni, anajenga urafiki na bwana harusi mwenyewe, anasaidia kazi za harusi, anawateka wazee mmoja mmoja, anataka baba mtu amkabidhi binti kwa ridhaa yake. Na mwisho anakabidhiwa.

Basi mwenzangu akaja karakana kama mteja. Akaagiza kitanda cha futi sita kwa sita, akawa anakuja kukiangalia kila wiki, mara kapiga msasa kidogo, mara kabeba mbao, mara drafti na baba mpaka magharibi, mara kampakia baba kwenye pikipiki wanaenda msikitini. Mama naye analetewa samaki wa Feri. Baba anamuita mwanangu, wakati mi ndo mwanaye na haniiti hivyo. Mi nikipita na chai naambiwa msalimie mgeni, namsalimia, anaitikia kama hajawahi kuniona, moyo unataka kunitoka kwa raha na kwa woga.

Kuna siku nilichoka nikamwambia tuondoke basi, twende bomani tufunge ndoa, tuhamie hata Morogoro. Akanijibu mi si mwizi wa watoto wa watu, nitakuchukua mbele ya baba yako. Nikaona huyu ndo mwanaume. Nikikumbuka Simran naye alimwambia Raj vilevile na Raj akajibu vilevile, nikazidi kupenda.

Ila Anti sasa naogopa. Mahari wanaleta kabla ya Ramadhani, ndoa Mfungo Mosi. Na jamani juzi baba kamuingiza mtu wangu kwenye kamati ya harusi, harusi yangu na yule wa Tanga, tena kamfanya mweka hazina, eti ni kijana muaminifu kuliko wajomba zangu wote. Kikao cha kwanza Jumapili. Nikimuuliza utasema lini, ananambia Simran alikuwa na subira, we nyamaza tu, wakati ukifika mzee ataelewa. Shoga yangu kazini anasema nachezewa. Mama sijamwambia, ingawa naona kama anahisi, na kile kipande mama yake Simran anaongea na binti yake chumbani mama huwa analia kila akikiangalia, hata awe anachambua mchicha.

Niendelee kuvumilia kama Simran au nifanyaje? Maana Simran alivumilia akapata.

Simran wa Keko


ANTI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Kwanza niruhusu nicheke, maana mweka hazina wa kamati ya harusi ya mchumba wake mwenyewe hiyo hata Wahindi hawajaiandika. Nimecheka, nimefuta machozi, sasa tuongee.

Hiyo muvi naijua vizuri sana usinione mtu mzima. Sisi ndo tuliokuwa tunaenda Drive-in pale Msasani, pale ulipo ubalozi wa Marekani sa hivi, na Avalon na Empire mjini, muvi za Kihindi lugha hatujui neno lakini kilio tunakijua wapi kianzie. Hiyo yako ilitoka 1995, ya kwanza kabisa kuongozwa na Aditya Chopra, Shah Rukh Khan ndo Raj, Kajol na nyusi zake zilizoungana ndo Simran, ikabeba tuzo kumi za Filmfare na mojawapo ni ya Kajol. Kule Mumbai kuna ukumbi unaitwa Maratha Mandir umeionyesha miaka na miaka bila kuishusha. Ina saa tatu na dakika zake, na katika saa tatu zote hizo watu tumebakiwa na vitu vitatu kichwani, shamba la haradali lenye maua ya njano, Simran anakimbiza treni, na baba mtu anamuachia mkono. We na mwenzio pia mmebaki na hivyohivyo. Sasa mi nakuomba urudi uangalie ule mwanzo, maana huyo Simran wa kunyamaza na kuvumilia mnayemsema nyie wawili, mi kwenye hiyo muvi sijamuona.

Simran anafanya nini barua ya Punjab ikishafika? Anaumia, ndiyo. Halafu anaamka alfajiri, anafanya ibada mbele ya baba yake, mzee moyo unalainika, ndo anamkabili. Anamwambia naenda kuolewa na mtu sijawahi kumuona, niachie mwezi mmoja tu wa maisha yangu nikatembee. Baldev Singh yule, Amrish Puri na yale macho, mi mwenyewe ningekuwa chini ya meza. Ye kaomba kapewa. Yani mtu wa kwanza kwenye hiyo muvi kumlainisha yule mzee ni Simran, Raj kaja kuiga tu.

Karudi kutoka Ulaya, hajalala, siku hiyohiyo kaenda kwa mama yake kamwambia kuna mtu nampenda. Hakusubiri wakati ufike. Baba kasikia mlangoni, moto ukawaka, wakahamishwa nchi, sawa, lakini kasema. Halafu kule shambani Raj alipojitokeza, ni nani aliyesema tuondoke? Simran. Hata siku ile ya mfungo, nyumba nzima ya wanawake wanasubiri mwezi uonekane na maji ya kwanza inabidi apewe na huyo mchumba, kajiangusha kama mwenye kizunguzungu ili Raj ndo amnyweshe. Huyo unamuita mvumilivu? Huyo ni mtu anasema, akizibwa mdomo anatafuta njia nyingine ya kusema.

Na aliyemziba mara nyingi zaidi ni nani, mwanangu. Baba yake kamziba mara moja kwa ukali. Raj kamziba kwa upole, na upole hauonekani kama kuziba. "Niachie mimi", "usiseme kitu", "wazee nitawaweza". Hata pale nyumbani kuelekea mwisho, keshapigwa makofi keshatoa hotuba yake, bado Raj anamrudisha Simran kwa baba yake, kwamba wazee ndo wanajua mema yetu. Mi kile kipande kila nikikiangalia natamani kumrushia Shah Rukh kandambili. Binti yuko katikati analia, huyu anamrudisha kwa yule, yule anamshika asiende, na hakuna hata mmoja katika saa tatu hizo aliyemgeukia akamuuliza we mwenyewe unataka nini. Mkono umeachiwa, sawa, lakini umeachiwa na aliyeushika. Kama siku hiyo mzee angeamka vibaya, treni ingeondoka na muvi ingeisha Simran yuko Punjab na Kuljeet, yule mchumba aliyechaguliwa na baba.

Sasa huyo Kuljeet nimsemee kidogo. Waandishi walikuwa wajanja, wakamfanya adui, mwindaji, mjivuni, mtu anayesema waziwazi kwamba akioa bado ataendelea na starehe zake, ili sisi tuliokaa kwenye makochi tusimuonee huruma hata chembe. We hujapewa adui. We umepewa kijana wa bandarini Tanga anayekuuliza umekula. Ye hajakukosea. Anapanga maisha yake, familia yake inakusanya pesa ya mahari, mama yake pengine kashaanza kununua vyombo, na huku Dar mtu wako anahesabu michango ya harusi hiyo. Raj alivyokuwa anamzunguka Kuljeet tulipiga makofi kwa sababu ni muvi. Kwako ni mtu anadhalilishwa na hajui, na kila wiki unayonyamaza aibu yake inaongezeka, ya wazazi wake pia, na ya baba yako mbele ya rafiki yake wa ujana. Mzee wa neno moja kama baba yako, akija kujua jambo hili kwa mdomo wa jirani siku mahari imeshapokelewa, mi sijui kama atakumbuka hata drafti.

Kuna jambo jingine ambalo mwenzio hajakwambia, au hajui. Subira ya Simran kwenye muvi ni subira. Kwenu nyie ina maana yake nyingine kabisa. Baba yako mtu wa msikiti, na unajua kabla ndoa haijafungwa lazima watakuja kuomba idhini yako, na kwenye hadithi imekuja kwamba binti ambaye hajaolewa idhini yake ni kunyamaza kwake. Umeona ulipo? Jioni ile mama alikwambia hongera we ukaenda kuoga. Kwako ulikuwa mshtuko, kwao ulishajibu. Kila ukipita na chai kimya unajibu tena. Na siku watakapokuja hao mashahidi mlangoni, ukiinamisha kichwa unalia, watatoka nje waseme kakubali, analia kwa kuona haya, na ndoa itasomwa.

Dini hiyohiyo lakini imekupa mdomo. Muulize ustadhi yeyote akusimulie habari ya Khansa bint Khidam, baba yake alimuozesha hataki, akaenda kwa Mtume akasema, ndoa ile ikabatilishwa. Ye alikuwa ameshaolewa kabla, ndiyo, ila baba yako anaijua hiyo hadithi na haitamwingia kama maneno ya muvi. Na serikali nayo, Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 16 iko wazi, hakuna ndoa bila hiari ya wote wawili. Sikupi hayo uende ukamtishie mzee nayo, la, ukianza na sheria nyumbani umeharibu. Nakupa ili ndani ya moyo wako ujue huombi upendeleo.

Halafu mwenzio naye anajifanya Raj lakini kasahau yuko Keko. Kwetu posa juu ya posa haifai, mtu akishaposa mwingine anakaa pembeni mpaka wa kwanza atoke au akataliwe. Maana yake ni kwamba hata baba yako ampende vipi huyo kijana, ampende mpaka ampe na karakana, hawezi kupokea barua yake wakati ya Tanga ipo. Mlango wa Tanga lazima ufungwe kwanza. Na wa kuufunga si mwenye duka la spea. Ni wewe.

Hapa nataka unisikilize vizuri maana ndo nilipokuwa naelekea toka mwanzo. Una maneno mawili ya kusema na umeyachanganya yakawa moja. La kwanza ni simtaki wa Tanga. La pili ni namtaka wa Gerezani. Toka posa ije we unasubiri la pili lisemwe na mtu mwingine ili la kwanza lijiseme lenyewe. Halijisemi. Simran hakuwahi kupata nafasi ya kulisema la kwanza peke yake, kila akisema simtaki Kuljeet wanasikia anamtaka Raj, ikawa ugomvi wa wanaume wawili nani abebe. We unayo nafasi. Nenda ukaseme la kwanza, lisimame kwa miguu yake. Ukiulizwa kuna mwingine? Usidanganye, sema yupo na wakati wake ataletwa, lakini hata asingekuwepo jibu langu kwa Tanga lingekuwa hilihili. Na ujiulize kwanza chumbani kwako kama hiyo sentensi ni kweli. Kama si kweli, kama bila huyu kaka ungeolewa Tanga bila tatizo, hilo nalo ni jambo la kujua mapema kabla hujavuruga nyumba mbili.

Uanzie kwa mama. Farida Jalal aliyecheza mama yake Simran, Lajjo, naye alipata tuzo ya Filmfare kwa muvi hiyo na mi naamini ni kwa kile kipande cha chumbani. Unakikumbuka anachosema? Anasema akiwa mdogo babu yake alimwambia hakuna tofauti ya mwanamke na mwanaume, alivyokua akakatishwa masomo ili kaka zake wasome, akajitoa akiwa binti, akajitoa akiwa dada, akajitoa akiwa mke, na Simran alipozaliwa akaapa kwamba huyu hayatamkuta. Halafu anasema alisahau kuwa mwanamke hata haki ya kuapa hana. Na anamalizia kwa kumuomba binti yake amsahau Raj! Yani yote yale ameyasema ili kumwambia mwanangu nyamaza kama nilivyonyamaza. Ni maneno ya kuumiza kuliko makofi yote ya mwisho.

Mama yako analia hapo kila mara. Mi simjui mama yako na sitaki kumsemea analia nini, labda anampenda tu Farida Jalal. Ila mwanamke anayelilia kipande kilekile miaka yote, toka deki mpaka simu, mchicha mkononi, huyo ana neno. Na ukumbuke Lajjo mwenyewe hakuishia pale, baadaye yeye ndo anatoa dhahabu zake anawapa Raj na Simran anawaambia ondokeni. Kwa hiyo mama anaweza akaanza kwa kukwambia sahau, usikate tamaa siku hiyohiyo, mpe muda, rudi tena. Kaa naye jikoni, baba akiwa karakana, mwambie lile la kwanza. Usimwambie kwa meseji tafadhali, nyie watoto wa siku hizi.

Baba usimvae uso kwa uso. Mzee wa aina hiyo ukimwambia hutaki moja kwa moja anakuwa hana pa kutokea, neno lake liko Tanga na binti yake yuko mbele yake. Pitisha kwa shangazi yako, dada wa baba, kama yupo, au bibi, mtu ambaye baba anaweza kumfokea halafu akamsikiliza. Shangazi ndo kazi yake hiyo. Na aende na njia ya kutokea mkononi, kwamba mahari bado, kishika uchumba kinarudishwa kamili pamoja na zawadi zozote walizoleta, na mzee mwenyewe apande basi aende Tanga akaongee na rafiki yake ana kwa ana kabla hawajasafiri wao. Ataumia. Watanuniana hao wazee, pengine muda mrefu. Mi sitakudanganya kwamba haitagharimu kitu, ila mahari ikishaliwa gharama inapanda.

Na yule kijana wa Tanga, likishafika kwa wazee, mpigie simu. Simu siyo meseji. Mwambie mwenyewe kwa heshima, kwamba hujawahi kuona baya lake na hustahili kuwa mke wake wakati moyo wako uko kwingine. Anaweza akakata simu. Ni haki yake.

Sasa mtu wako. Shoga yako anasema unachezewa, mi sijui, mtu anayechezea hapigi msasa vitanda vya watu wikiendi zote hizo, hiyo ni kazi ngumu. Nadhani anakupenda, ila nadhani pia kanogewa. Baba kampenda, mama anapokea samaki, ye ni steringi kila anapopita, halafu ukweli ukitoka tu utamu wote huo unaweza kuisha siku moja, kwa hiyo anausogeza mbele. Hata Raj kwenye muvi hakusema mwenyewe, ni picha yao ya Ulaya ndo iliyomuumbua baba mtu alipoiona. Angesema lini? Mi sijui, na siamini kama Raj alikuwa anajua.

Kwa hiyo mpe jambo dogo tu la kufanya. Atoke kwenye kamati. Hakuna upendo wa aina yoyote unaoweza kuelezea mtu kushika michango ya wajomba zako kwa harusi anayojua haitafungwa au anaomba isifungwe, siku likilipuka hilo hataitwa Raj ataitwa mwizi, tena ndo neno aliloliogopa mwenyewe. Asishike hata shilingi. Akamwambie mzee kwa adabu kwamba jukumu hili hataliweza, aondoke na sababu yake moyoni mpaka shangazi atakapofanya kazi yake. Kile kitanda amalizie kukilipa akichukue, karakana siyo stoo. Na aanze kumtafuta mshenga wa maana, mtu mzima, ili mlango wa Tanga ukishafungwa na eda ya hasira ya baba yako ikapita, barua yake iingie kwa njia yake, na jina lake halisi juu.

Habari ya bomani na Morogoro iache kwanza. Siyo kwamba haiwezekani, we ni mtu mzima wa miaka 28, lakini hata huko kuna notisi ya siku 21 na tangazo, siyo kwamba mnaingia asubuhi mnatoka mke na mume. Na ukitoroka kabla hujasema lile neno la kwanza, nyumbani watabaki wanasema kachukuliwa. Hawatasema alikataa.

Kikao Jumapili umesema. Basi mama ajue kabla ya Jumamosi, na huyo mweka hazina ajiuzulu kabla michango ya kwanza haijaingia. Ukimwambia atoke akakujibu we tulia, Simran alikuwa na subira, niandikie tena haraka, maana hapo tutakuwa tunaongelea mwanaume mwingine kabisa.

Anti